Barua ya wazi kwa Bunge: msimtoze faini mjane wa askari kwa kupendwa tena

Kwa:
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Taifa,
Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Waheshimiwa wanachama wa kamati zinazosimamia ulinzi, fedha na sheria,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

KUH: HAKI YA MJANE WA MWANAJESHI KUOLEWA TENA BILA KUPOKONYWA STAHIKI ZAKE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkazi wa Kaunti ya Taita Taveta, mama wa watoto wawili, mjane wa askari wa Jeshi la Ulinzi aliyeuawa Somalia. Nimeandika barua za kawaida kwa waliohusika, nikapiga simu, nikasimama kwenye madirisha. Nilichojibiwa ni "tutakuita". Sijaitwa. Ndiyo maana leo nasema mbele za watu. Ofisi hizo sizitaji, kwa kuwa karani anafuata kilichoandikwa, na wanaoandika ni ninyi.

Jambo lenyewe ni hili: nimepata mtu, na tunataka kuoana.

Najua kuna watakaoachia kusoma hapo. Wapo walionipenda sana nilipokuwa nalia, wakanilaani siku waliponiona nacheka sokoni Voi. Hao nawaachia Mungu. Ninyi siwezi kuwaachia, maana mmekalia sheria.

Mwenzangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mwatate. Naye ni mgane. Mkewe alifariki kwa maradhi ya figo, akamwachia binti mmoja. Tulipoamua, tulikaa mezani kwake tukatandaza karatasi zetu: vitambulisho, vyeti vya kifo vya wenzetu, vya kuzaliwa vya watoto. Karatasi zilikuwa zinafanana. Tofauti ikaja kwenye maswali. Yeye akioa, hakuna ofisi itakayomuuliza kitu. Shamba aliloachiwa na marehemu mkewe ni lake, mshahara wake uko palepale. Mimi nikiolewa, nimeambiwa bila kuzungushwa, pensheni inakatika. Wafiwa wawili, meza moja, na anayetakiwa kulipa kiingilio cha ndoa ni mwanamke ambaye mumewe alifia nchi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Pensheni ile imekwisha kulipiwa.

Mume wangu hakuandikishwa jeshini kwa sharti kwamba mimi nikae peke yangu hadi nizikwe. Alitumwa na nchi. Vikosi vyetu vilivuka mpaka tarehe 16 Oktoba 2011, na tangu hapo majina kama El Adde na Kulbiyow, kambi za jeshi letu huko Somalia zilizoshambuliwa na al-Shabaab, ambayo hatukuwa tunayajua, yamekuwa majina ya nyumbani. Kinacholipwa kwetu ni deni la damu yake. Sikioni kikiwa ujira wa upweke wangu, na sijui ni lini kiligeuzwa kuwa hivyo.

Au tuseme najua. Sheria za pensheni ambazo Mwingereza aliziandikia makoloni yake zilikuwa na maneno yaleyale karibu kila mahali: mjane wa afisa aliyeuawa kazini atalipwa maadamu hajaolewa tena na ana mwenendo mwema. Mwenendo mwema! Mume anauawa, mke ndiye anayepimwa tabia. Tukapata uhuru, tukabadilisha bendera na wimbo, lakini fikra hiyo tukaiweka kabatini pamoja na majalada.

Sasa sikieni aliyetuachia amefanya nini kwake. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2015, Uingereza iliacha kuwakatia pensheni wajane wa wanajeshi wanaoolewa tena. Halafu mwaka 2023 ikafungua mpango wa kuwalipa pauni 87,500 kila mmoja baadhi ya wale waliokuwa wamekwisha kunyimwa zamani kwa kosa hilo la kuolewa. Yaani mwenye mali ameona aibu, akarekebisha, akalipa na fidia. Sisi tuliorithi bado tunaitunza.

Marekani wao bado wanakata, lakini mjane akiolewa akiwa na miaka 55 au zaidi hakatwi. Umri huo ulikuwa 57 hadi waliposhusha mwaka 2021. Na ndoa mpya ya mjane mdogo ikivunjika, anaweza kurudishiwa malipo yake. Nilipoisoma hiyo nilicheka kidogo. Serikali inayomlipa mwanamke akiwa analia tu, hata ingekuwa tajiri namna gani, ina kasoro mahali.

2. Shamba na nyumba.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kiliandikwa hivi: mtu akifa bila wosia akaacha mke na watoto, mke anakuwa na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, ila akiolewa tena, kwa mtu yeyote yule, haki hiyo inakoma. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Meru ilisema ubaguzi huo unapingana na Katiba. Nawashukuru majaji. Lakini mwananchi wa Mwatate hukumu ya Meru haimfikii. Kinachomfikia ni shemeji mwenye nakala ya zamani ya sheria mkononi na mzee wa mtaa anayemuunga mkono. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema wanaume na wanawake ni sawa mbele ya sheria. Basi maneno yale yaondoke kitabuni kwa kalamu ya Bunge, yasibaki yakingojea kila mjane aende kortini kuyashinda upya.

3. Tunafundishwa kujificha.

Hapa mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Kuna ofisi moja iliyonitaka nilete barua ya kuthibitisha kwamba bado sijaolewa. Nikaenda kwa anayehusika mtaani. Ni mtu mstaarabu, tunajuana. Akachukua kalamu, akaiweka chini, akaniuliza kwa sauti ya upole: "Mama, na yule bwana mwenye baiskeli ya buluu, nimwandike kama nani?" Watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma yangu walisikia. Nilisimama pale, mwanamke mzima niliyezika mume kwa mizinga ya heshima, nikieleza habari za baiskeli.

Kwa hiyo wajane wengi wameamua kukaa hivi hivi. Mwanamume anakuja usiku, anaondoka kabla ya jogoo wa pili. Watoto wanafundishwa kumwita "anko" mbele za watu. Wengine wamefungiwa meza ya Bwana kwa kuishi bila ndoa, na wakimweleza mchungaji sababu yenyewe anatikisa kichwa, hana la kuwasaidia. Watoto wanazaliwa humo. Miaka inakwenda. Siku yule bwana naye akifa, au akichoka, mama anatoka na mabegi yake, kwa sababu Mahakama ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba kudhaniwa kuwa na ndoa kwa kukaa pamoja muda mrefu ni jambo la nadra, lenye masharti makali. Hana ndoa ya kwanza, maana kifo kiliimaliza. Hana ya pili, maana aliogopa kuiandikisha. Ili asipoteze pensheni ya marehemu amepoteza ulinzi wote aliokuwa apewe na sheria kwa aliye hai.

Kama kuna mtu Nairobi anayedhani sheria hii inalinda heshima ya ndoa, aje atembee huku kwetu jioni.

4. Wasiojua kama ni wajane.

Mimi nina kaburi. Nimelifyeka, nimelipanda maua, nimelikasirikia pia. Wapo wenzangu wasiokuwa na hata hilo.

El Adde ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Tarehe 27 mwezi huohuo, Rais Uhuru Kenyatta alifanya ibada ya kumbukumbu katika Kambi ya Moi, Eldoret, akiwa na Rais Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Mwezi uliofuata, Hassan Sheikh alitaja kwenye televisheni idadi ya waliouawa inayokaribia 200. Jeshi letu likaikana, bila kutoa ya kwake. Tangu hapo wenye wapendwa wasioonekana wanaishi kwa kuunganisha uvumi.

Dada mmoja tuliyejuana katika msiba huo ni Mwislamu wa Pwani. Mumewe hakuletwa, wala jina lake halikuwahi kusomwa kwake kwa namna ambayo angeweza kuishika. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: eda ya miezi minne na siku kumi inaanza lini kwa mtu ambaye hakuna aliyemzika? Mwenzetu mwingine, Mkristo, alichumbiwa. Msajili akamtaka cheti cha kifo. Hana. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia anadhaniwa amekufa. Miaka saba ya El Adde ilitimia Januari 2023. Lakini haijitangazi yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka amri ya mahakama. Ni lazima mke aende kortini, atafute wakili, aape mbele ya watu kwamba mumewe ni maiti. Wakwe wakisikia wanamwambia amekuja kumuua mtoto wao kwa karatasi. Na akiolewa bila amri hiyo, anaishi na hofu ya kushtakiwa kuoa mara mbili, kosa ambalo Kanuni za Adhabu zinaliwekea hadi miaka mitano jela; itabidi ajitetee kwa kuthibitisha miaka ile saba ya ukimya.

Tafakarini, waheshimiwa. Waliomtuma ndio wenye orodha ya waliokuwa kambini asubuhi ile. Wanajua nani alirudi. Mzigo wa kuthibitisha amewekewa mwanamke ambaye hajui hata El Adde iko upande gani wa Somalia.

5. Ndugu wa marehemu.

Hili ni fupi. Mama mkwe wangu aliposikia habari zangu alisema, "Olewa mwanangu, watoto waje likizo." Mungu amweke. Si wote wenye bahati ya mama mkwe. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja waziwazi kurithiwa kwa nguvu, kutakaswa kwa mjane, na hata wakwe kuingilia mambo ya mtu, kuwa ni unyanyasaji. Imeandikwa vizuri. Sijaona ofisi inayohudumia wajane wa wanajeshi ikimpa mjane nakala yake pamoja na zile fomu nyingine zote.

Waheshimiwa, najua nitakachojibiwa, kwa sababu vipande vyake nimevisikia kwenye madirisha.

Mtasema Hazina haina pesa. Pesa hizi mnazilipa sasa. Nikikaa bila mume hadi uzee mtaendelea kuzilipa, na hakuna waziri atakayesimama kulalamika. Kuolewa kwangu hakuongezi shilingi moja kwenye bajeti, labda kama kuna mtu aliyepanga makadirio yake kwa kutegemea harusi zetu.

Mtasema mume mpya atatutunza. Huyu ni mwalimu, waheshimiwa. Mshahara wake mnaujua kuliko mimi. Ana mtoto wake. Karo ya watoto wa askari aliyekufa akiwa na bendera ya Kenya begani ni deni la nani, la mwalimu wa Mwatate? Tena hakuna aliyewahi kumuuliza yeye kama mke mpya atamtunza.

Mtasema matapeli watawawinda wajane wenye pensheni. Watakuja, ndiyo. Wanawajia pia wazee waliostaafu siku wanapopokea kiinua mgongo, na sijasikia mzee akikatiwa malipo ili alindwe na wasichana.

La mwisho mtalisema kwa sauti ya chini: heshima ya shujaa. Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya Jeshi la Ulinzi, mashujaa wanatajwa na sisi tunakumbushwa kwamba hawajafa bure. Nakubali. Sasa niwaambie habari za sanduku la bati la mume wangu, lile la kambini, lenye namba yake ya jeshi iliyopakwa kwa rangi nyeupe. Ndani mna buti zake, kofia na barua. Liko chumbani kwangu chini ya dirisha. Bawaba zake zilikuwa zimeliwa na kutu hadi kifuniko kinalia. Yule mwalimu alikuja siku moja na mafuta ya cherehani na kitambaa, akapiga magoti, akazipaka moja moja, akakijaribu kifuniko mpaka kikafunguka bila sauti. Hakuuliza linaondoka lini. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayetaka nimfiche kwa jina la kumheshimu marehemu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Bunge lifute, katika kila sheria na kanuni inayohusu malipo ya wajane na wagane wa wanajeshi waliokufa kazini, sharti lolote linalokatisha malipo kwa sababu ya kuolewa au kuoa tena.

(b) Waliokwisha kukatiwa kwa sababu hiyo warudishiwe, pamoja na malimbikizo. Kama Hazina itaona ni mengi kwa mkupuo, yalipwe kwa awamu, tumezoea kungoja.

(c) Maneno ya ubaguzi kuhusu kuolewa kwa mjane yaondolewe katika Sheria ya Urithi.

(d) Barua za kuthibitisha kwamba mjane hajaolewa zikomeshwe mara moja. Hilo halihitaji mswada; linahitaji mtu mmoja kuandika agizo.

(e) Pale mwanajeshi anapopotea vitani na muda wa kisheria ukatimia, serikali yenyewe ndiyo iende mahakamani kuomba amri, kwa gharama yake, baada ya kuifahamisha familia. Mke apewe cheti mkononi.

(f) Orodha kamili ya waliouawa na wasioonekana El Adde iwekwe wazi kwa familia zao kwanza, kisha kwa nchi.

Nimesikia kwamba miswada huchukua muda, kwamba kuna kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kamati, na maoni ya wananchi. Chukueni haya kuwa maoni ya mwananchi mmoja. Mkiniita nitakuja, kwa nauli yangu.

Sisi wawili tutapeleka notisi kwa msajili shule zikifungwa Novemba, iwe mmenijibu au bado. Siku 21 zikiisha bila pingamizi tutafunga ndoa mchana, milango wazi, na mama mkwe wangu ameshasema atakaa mstari wa mbele. Cheti nitakileta mwenyewe dirishani, wasihangaike kumuuliza mtu habari za baiskeli. Wakinikatia siku hiyo, nitaomba wanipe sababu kwa maandishi, yenye muhuri na jina la aliyeitia sahihi, ili niwaletee ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjane wa askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya,
Kaunti ya Taita Taveta.

Nakala: Chama cha mawakili, viongozi wa dini wa kaunti, wajane wenzangu, popote mlipo.